Umepanga chumba na sebule mlimani Mwanza? Hivi ndo unavyoweza kupunguza mkaa, maji na taka

Makala nyingi za kutunza mazingira nyumbani zinaandikwa utadhani kila mtu ana kiwanja chake, paa lake la kufunga sola na hela ya tanki la lita elfu tano. Sisi wengine tumepanga bana, tuko juu huku kwenye mawe, choo cha kushea, LUKU ya kushea, na hata kugongelea msumari ukutani lazima umuulize mwenye nyumba. Kwahiyo haya ni ya mpangaji wa Mabatini, Igogo, Isamilo ya juu, Kilimahewa na kote ambako boda inakushusha chini halafu kupanda juu unajijua mwenyewe na ndoo yako. Na ushauri wangu ni huu, usianze kwa kununua vitu vipya vilivyoandikwa rafiki wa mazingira, anza na kile ambacho kila siku kinakula hela yako, kwa sababu hicho hutakiacha njiani.

Kwa wengi wetu kinachokula hela ni mkaa. Najua utasema si utumie gesi. Gesi ni nzuri, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, sawa kabisa, na mtungi mdogo hata mimi ninao. Ila tuambiane ukweli, mtungi wa kilo 6 ukianza kuuchemshia maharage na makande ya familia utakuaibisha katikati ya mwezi. Mi nimegawa: chai, mayai, mboga za majani, kupasha kiporo, hivyo ni vya gesi. Vile vya kukaa motoni masaa ndo nikavitafutia njia nyingine, na njia yenyewe ni kapu.

Yaani kapu kweli. Unatafuta tenga la nyanya ambalo bado liko imara au boksi gumu, unalijaza pembeni na chini kitu cha kuzuia joto lisitoke, katikati unaacha shimo la kutosha sufuria yako. Cha kujazia sisi hatuna sababu ya kuhangaika, tuko Usukumani, pamba ipo, na kama huna mtu wa kukuletea kutoka Magu au Kwimba basi chukua mablanketi ya mtumba pale Mlango Mmoja yale yaliyotoboka ambayo hakuna anayeyataka, ukishayakata na kuyashindilia vizuri yanafanya kazi ileile. Juu unashona mto mnene wa kufunikia. Kwisha.

Sasa maharage unayaloweka usiku, asubuhi unamwaga yale maji, unaweka mengine, unachemsha kama dakika 20 yakiwa yanatokota kwelikweli, halafu sufuria na mfuniko wake unaobana moja kwa moja kwenye kapu, unaweka mto juu, unaenda kwenye shughuli zako. Baada ya masaa manne hivi unayakuta yameiva au yamebakiza kidogo sana, unarudisha jikoni, unaunga, yanachemka tena, mnakula. Wali ndo rahisi kabisa, ukishachemka na maji yakianza kupungua weka kapuni, hauungui, hauhitaji kupalia mkaa juu ya mfuniko. Mambo matatu tu uyashike. Sufuria liwe limejaa, likiwa nusu joto linapotea haraka. Na hiyo ya kutokota usiifanyie mchezo, hasa yale maharage mekundu, mabichi yana sumu inayochafua tumbo na inaondolewa na kuchemka sio na uvuguvugu. Usiache chakula humo mpaka kesho yake, kikipoa kinachacha. Nyama mi sipiki kwa kapu, kuna wanaopika, mi hapana.

Kama una LUKU yako peke yako basi ile presha kuka ya umeme nayo ni mkombozi, jiko la wati 1000 likiwaka saa nzima mfululizo ndo linakula uniti moja, na presha kuka haiwaki muda wote, ikishapata joto inazimika na kujiwasha. Piga hesabu ya uniti moja halafu linganisha na mkaa wa makande. Ila kwenye LUKU ya kushea usithubutu kabla hamjakubaliana, utagombana na korido nzima.

Mkaa utakaobaki kuutumia, tumia jiko la udongo lile lenye kuta nene sio la bati tupu, na koleza kwa magunzi au maganda ya machungwa yaliyokauka. Mfuko wa nailoni kwenye jiko achana nao jamani, ule moshi ni sumu na unaingia kwenye pua ya mtoto uliyembeba mgongoni. Na mvua ikinyesha usiingize jiko la mkaa ndani ukafunga mlango, hata kama moshi hauonekani, ile hewa inaua.

Halafu tukumbuke mkaa wenyewe unatoka wapi. Kwenye matanuri yetu ya kienyeji kilo moja ya mkaa inaweza kula zaidi ya kilo tano za kuni. Wazee wa Kisukuma walijua kuacha eneo lipumzike, wakaliita ngitili, na Shinyanga ilipofika mahali pa kuitwa jangwa ilibidi serikali ilete mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuanzia 1986, na kilichosaidia sana ni kurudi kwenye hizo hizo ngitili. Sio mambo ya wazungu haya.

Tuje kwenye maji. Mwanza ziwa unaliona dirishani halafu bomba limekauka, hiyo kila mtu wa mlimani anaielewa, maji kupanda huku juu ni kazi. Lakini mvua inatukuta wote. Hesabu yake ni nyepesi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Mwanza kwa mwaka tunapata kama milimita 1000 hivi, kwahiyo kipande cha bati juu ya chumba na sebule, tuseme mita za mraba 20, kinapokea karibu lita 20,000 kwa mwaka. Hizo ni ndoo kubwa elfu moja, zinateremka kwenye mfereji huku unazitazama. Hutazikinga zote, hata robo tu ni ndoo 250 ambazo hujabeba kichwani.

Mpangaji huwezi kufunga tanki, ila pipa unaweza, na gata fupi la bati lililofungwa kwa waya linaondoka na wewe ukihama. Muhimu ni kuongea na mwenye nyumba kwanza. Wa kwangu nilimfuata jioni nikamsalimia, "shikamoo mama, naomba nikinge maji hapa kona," akaniangalia akauliza, "marahaba mwanangu, na mimi nikiishiwa nachota?" Nikamwambia chota mama. Siku hizi yeye ndo anafukuza watoto wanaochezea lile pipa, kuliko hata mimi mwenye nalo.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, ioshe vumbi na vinyesi vya ndege, ndo ukinge inayofuata. Juu ya pipa funga chandarua chakavu, mbu wa Mwanza hawahitaji msaada wako. Maji hayo ni ya kufulia, kudeki, chooni na kuogea, ya kunywa chemsha. Na ya kufulia usiyamwage hivihivi, yale ya povu yanakwenda chooni, ya kusuuzia yanamwagiliwa mgomba au mpapai kama upo uani. Kwenda kufulia ziwani ndo sishauri kabisa, kichocho kipo kwenye maji ya pembeni, na sabuni pamoja na uchafu wetu mwingine ni mbolea ya magugu maji ambayo kila mwaka tunalalamika yamefunga mialo na mitumbwi haipiti.

Taka. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Ile tabia ya kusubiri mvua kubwa usiku ndo watu wanafungua viroba vya taka kwenye mfereji, zinashuka mpaka Mto Mirongo, Mirongo inaingia ziwani, na maji ya bomba yanavutwa kutoka ziwa hilohilo, Capri Point pale na Butimba. Tunajimwagia wenyewe. Na kiukweli ukitoa maganda na mabaki ya chakula, kiroba cha wiki cha nyumba ya kawaida kinabaki kidogo mno, kulipia gari la taka hakuumi tena.

Maganda ya ndizi, viazi, majani ya chai, hayo mi naweka kwenye kiroba kilichotobolewa matundu chini, nafunika kwa udongo na majani makavu, nageuza mara mojamoja, baadaye nahamishia kwenye viroba vingine nilivyopanda mchicha na sukuma wiki juu ya jiwe. Ndio, juu ya jiwe, linapata jua zuri na hakuna anayelidai. Magamba na matumbo ya sato na sangara usiyaweke humo, paka na panya watakuhamishia makazi, chimbia chini sana kwenye shina la mgomba. Vichwa pikeni supu. Chupa za plastiki weka pembeni kwenye kiroba chake, kuna vijana wanapita wanaokota wanaenda kuuza kwa kilo, wape wao, usiwafanye wachakure jalalani.

Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, ila sasa hivi tatizo nikiangalia mfereji wetu ni pampasi. Haiozi leo wala kesho na ikilowa inavimba inaziba kila kitu. Simwambii mama yeyote aache, nani ana nguvu ya kufua nepi usiku wa manane, ila mchana mtoto akiwa nyumbani nepi za kitambaa zinatosha, pampasi zibaki za usiku na safari. Kama pipa lako lina maji ya mvua. Kama ni kiangazi na ndoo unainunua, endelea na pampasi yako, ila ikunje, ifunge na itie kwenye kiroba cha gari la taka, sio mferejini.