Masaji ipi kwa shingo na mabega yaliyokakamaa?

Ndugu, kwa mtu anayeshinda mbele ya kompyuta hadi shingo na mabega yanakaza, anza na masaji ya Kiswidi, dakika 30, mgongo wa juu, mabega na shingo tu. Mikono huteleza kwa mafuta na kukanda taratibu mpaka misuli ilegee. Masaji ya kina, hata kama unaitamani, iache kwa mara ya pili au ya tatu. Hiyo hubonyeza mafundo ya ndani, na msuli ambao haujapata joto hujikaza kujilinda, nawe ukatoka na maumivu zaidi kuliko uliyoingia nayo. Mwambie mchuaji maumivu yasizidi 6 kwenye kipimo cha 10; ukijikuta umebana pumzi, amepitiliza. (Wengi huvumilia wakidhani ndiyo dawa. Siyo.) Misuli kuuma kidogo siku 1 au 2 ni kawaida.

Ya Kitailandi ni ya kunyooshwa viungo ukiwa na nguo. Nzuri kwa nyonga, ila kataa shingo kuzungushwa ghafla.

Nyumbani, weka mpira wa tenisi kati ya ukuta na msuli ulio kando ya uti wa mgongo, si juu ya mfupa wenyewe. Egemea sekunde 30 hadi 60, kisha usogeze. Mbele ya shingo usibonyeze. Kuna mishipa mikubwa ya damu.

Ukihisi ganzi inayoshuka mkononi au mkono kukosa nguvu, daktari kwanza. Vilevile kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na kama mguu mmoja umevimba na unauma, pia daktari kwanza: huenda kuna bonge la damu, na kuchua kunaweza kulisukuma hadi mapafuni.