Kabla hujatuma ile PR iliyoandikwa na AI

Wakuu, siku hizi haipiti muda bila dogo fulani wa chuo kunitumia meseji anauliza "kaka nataka kuchangia opensosi niweke kwenye siivii, nikiwa na Claude Code au Copilot si natoboa tu?" Opensosi ni programu ambazo msimbo wake (code) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, na hizo Claude Code na Copilot ni zana za AI za kuandika msimbo. Jibu langu ni refu kidogo, kwa hiyo nimeona niliandike mara moja halafu niwe natuma linki.

Mimi niko pande zote mbili. Natuma PR (pull request, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yako kwenye msimbo) kwenye projekti za watu, na pia nina kalaibrari kangu kadogo ka Python, yaani msimbo ambao programu nyingine huuazima, kanakobadilisha namba na saa kuwa Kiswahili, yaani 1,250 inakuwa elfu moja mia mbili na hamsini, na 13:00 inakuwa saa saba mchana. Watumiaji wake sio wengi, ila tangu hizi ejenti (AI zinazoandika na kubadilisha msimbo zenyewe) zianze kuwa kali PR zinaongezeka kuliko watumiaji, sijui mnanielewa. Na nyingi ukizisoma unaona kabisa mtu kaiambia ejenti "tafuta bagi urekebishe", yaani kosa kwenye programu, halafu kaenda kunywa chai.

Kuna moja lazima niwasimulie. Ndani ya ile laibrari kuna sehemu inatoa masaa sita kwenye saa ya kompyuta, si ndio saa zetu zilivyo, 07:00 ni saa moja asubuhi. Ejenti ikaikuta hiyo kutoa sita ikaamua hili ni bagi la taimuzoni (saa za kanda), ikaiondoa, testi (vipimo vya kuhakikisha msimbo unafanya kazi sawa) zikafeli, basi ikabadilisha na testi zenyewe mpaka zikapita, halafu ikaandika maelezo marefu yenye vichwa vya habari na tiki za kijani kwamba imerekebisha hitilafu kubwa. Kila kitu kijani. Ukiiendesha sasa, saa saba mchana imekuwa saa kumi na tatu! Mtu yeyote anayeongea Kiswahili angeona hilo sekunde ile ile, ila aliyetuma hakuiendesha. Nikamuuliza tu kwa upole, 13:00 kwa Kiswahili ni saa ngapi? Likarudi jibu la aya tatu linanishukuru kwa swali zuri. Nikaifunga ile PR.

Sasa hiyo ni laibrari yangu ya uani, hakuna aliyeumia. Angalia curl, programu ya kuhamisha data kwenye intaneti ambayo imo kwenye simu, magari, televisheni, karibu kila kifaa unachokijua. Anayeiongoza ni Daniel Stenberg wa Sweden, na tangu 2019 walikuwa na utaratibu wa kumlipa anayeripoti tundu la usalama. Kilichofuata ni mafuriko ya ripoti za AI, zimeandikwa Kiingereza safi, zinataja fankisheni (vipande vya programu) ambazo wakati mwingine hata hazipo kwenye msimbo wao, na kila moja lazima mtu aisome kwa makini maana ni mambo ya usalama, huwezi kupuuzia. Mwisho wa Januari 2026 wakaacha kulipa kabisa. Lakini, na hapa ndipo watu wengi hawafiki, huyo huyo Stenberg mwaka 2025 alipokea orodha ndefu ya makosa iliyotoka kwa mtafiti aliyekuwa anatumia zana za AI, wakarekebisha mengi, na akasema hadharani kwamba ile kazi ilikuwa nzuri. AI huku, AI kule. Tofauti ni kwamba wa pili alichuja kabla ya kutuma.

Ndio maana nawaambia madogo, kwenye opensosi kitu adimu ni muda wa yule anayesoma, msimbo haujawahi kuwa adimu. Wengi wanaosimamia hizi projekti wana kazi nyingine mchana, usiku ndio wanafungua GitHub, tovuti zinakokaa projekti hizi, wakiwa wamechoka. Ukimtumia PR ya mistari elfu tatu ambayo wewe mwenyewe hujaisoma ni kama umempelekea mtu gunia la mchele lililojaa mawe halafu unamwambia nimekuletea chakula, chambua. Novemba 2025 watu wa OCaml, lugha ya kuandikia programu, walipata PR ya mistari zaidi ya elfu kumi iliyoandikwa na AI, wakaifunga, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo, nani ataisoma na nani ataitunza baadaye.

Kuna na hili la xz, programu ya kubana mafaili, sijui kama mnalikumbuka. Machi 2024 iligundulika mtu alikuwa amejifanya mchangiaji mwema kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa na msimamizi aliyekuwa amechoka, akaingiza mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia) kwenye hiyo programu inayotumika na mifumo mingi ya Linux. Aliyeligundua ni Andres Freund, injinia wa Postgres (programu ya hifadhidata), alishangaa tu kwa nini kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kumekuwa kuzito kwa kama nusu sekunde. Haikuwa AI ile. Ila tangu hapo akaunti mpya inayokuja na msaada mwingi ghafla inaangaliwa kwa jicho la pembeni, na wewe na ejenti yako ndio mnaingia na sura hiyo hiyo.

Basi ejenti ina faida gani? Kwangu mimi kubwa kuliko zote ni kusoma. Kuna utafiti wa 2025 wa METR, shirika linalopima uwezo wa AI, waliwachukua wadevelopa 16 wazoefu wakiwa kwenye projekti zao wenyewe, kazi 246, wakitumia AI walichelewa kwa asilimia 19 huku wenyewe wakiamini wamewahi kwa asilimia 20. Watu huutumia kusema AI haina maana. Mimi nausoma tofauti, wale walikuwa wanaijua nyumba yao kila chumba, sisi tunaoingia kwenye ripo (ghala la msimbo wa projekti) ya mafaili elfu mbili kwa mara ya kwanza hali yetu sio ile. Mimi nikifika sehemu ngeni naiuliza ejenti, hii data inaingilia wapi, fankisheni hii inaitwa na nani, kwa nini hii sharti iliwekwa, nionyeshe mabadiliko ya zamani yaliyoigusa. Halafu nafungua faili lenyewe nahakikisha kwa macho, sababu inaweza kukudanganya kwa kujiamini kabisa. Hapo zamani ningehitaji mwenyeji wa kunitembeza, na mwenyeji huyo ana muda gani wa kumtembeza kila mgeni?

Halafu chagua projekti unayoitumia au inayokuhusu. Watu wanakimbilia React na Linux huku kuna OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao ulianza 2004 na mizizi yake iko Eldoret, kuna DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo ambayo wizara za afya Tanzania na Kenya zinaitumia, kuna Ushahidi iliyozaliwa Kenya 2008 baada ya vurugu za uchaguzi. Kama dada yako ni nesi na anakulalamikia fomu inavyomsumbua, tayari una kitu ambacho ejenti haina na msimamizi aliyeko Ulaya hana. Mpe huyo msimamizi maelezo ya huo usumbufu, hatua kwa hatua, wakati mwingine hiyo isyu (ripoti ya tatizo) peke yake ina thamani kuliko msimbo.

Ukishapata cha kurekebisha, soma sheria zao kabla hujafungua ejenti. CONTRIBUTING.md, faili la sheria za kuchangia, ipo pale kwa sababu. Gentoo na NetBSD, mifumo endeshi ya kompyuta, zilikataza michango ya AI tangu 2024, QEMU (programu ya kuiga kompyuta) nao wakakataa 2025, hoja yao kubwa ikiwa hakimiliki, kwamba hakuna anayejua kwa uhakika ule msimbo umetoka kwa nani. Fedora, aina ya Linux, wao 2025 waliruhusu ila useme umetumia AI, Ghostty (programu ya terminali) pia walitaka useme. Kwenye kernel (kiini) ya Linux unaandika Assisted-by kuitaja zana, na Signed-off-by ni yako wewe binadamu, ejenti hairuhusiwi kuisaini maana ile saini ni tamko la kisheria kwamba una haki ya kutoa huo msimbo. Wapo wanaoficha, wanasema watajuaje. Wanajua bwana. Mtu aliyesoma PR miaka kumi na tano anajua.

Mimi utaratibu wangu, kwa ufupi maana sitaki kuwachosha: nalifanya bagi litokee mwenyewe kwa mkono mpaka nilione, halafu naandika testi inayofeli kwa sababu ya bagi hilo, hiyo testi naiandika mimi, ndipo naiachia ejenti itafute marekebisho na naikataza kugusa testi. Ikileta mabadiliko ya mafaili nane wakati bagi liko kwenye faili moja narudisha yote naanza upya na maelekezo mafupi zaidi, hizi ejenti zinapenda sana kusafisha nyumba ambayo hakuna aliyeziomba zisafishe. Ikiongeza pakeji mpya (msimbo wa watu wengine wa kupakua) naenda kuitafuta kwanza, ipo kweli? nani kaiandika? maana AI hutaja pakeji ambazo hazipo na kuna wahuni wanayasajili majina hayo hayo waweke virusi. Kisha nasoma kila mstari, na mstari nisioweza kuueleza hauendi.

Maelezo ya PR andika mwenyewe. Najua, Kiingereza. Wengi wetu tunaona aibu kwa hiyo tunaiachia AI iandike, inatoka insha ya kupendeza ambayo msimamizi akiiona tu anashuka moyo. Sentensi tatu za Kiingereza cha kuungaunga, tatizo lilikuwa hili, nimefanya hivi, nimejaribu kwenye Ubuntu na Windows, zinatosha na zinaaminika zaidi. Ukitaka ikusahihishie sarufi sawa, ila iambie isiongeze kitu. Na msimamizi akikuuliza swali kwenye riviu, yaani anapoikagua PR yako, usilikopi ukalibandike kwenye ejenti halafu jibu ukalirudisha kama lilivyo, hapo utakuwa umemuunganisha na chatiboti ambayo hata yeye anayo kwake.

Zile isyu zenye lebo ya wanaoanza ziacheni kwa mikono. Msimamizi angeweza kuimaliza kwa dakika kumi, ameiacha makusudi ili mtu ajifunze na pengine abaki, ukiipitisha kwenye ejenti umechukua nafasi ya mtu na yeye hajapata mchangiaji.

Kuhusu gharama, kuna anayeniuliza kama lazima alipe dola 20 kwa mwezi. Hapana. Matumizi ya bure pamoja na kusoma yanafika mbali, na bando ndio litakalokuumiza kwanza hasa ukikloni (kuvuta nakala ya) ripo kubwa, kwa hiyo tumia git clone --depth 1, inayovuta toleo la mwisho tu, ukiwa unaangalia tu, historia nzima utaivuta siku ukiihitaji.

Na PR ikikaa kimya, subiri kama wiki mbili, uliza mara moja kwa adabu kama kuna kitu cha kubadilisha. Wakiifunga uliza sababu kama hawakuitoa, halafu endelea na nyingine.