Daktari, eti kidonda cha jicho siku hizi kinamulikwa tu kinapona?

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika toka Mafinga kwa ajili ya shemeji yangu. Alikuwa anavuna mahindi, jani kavu likamkwaruza jicho, sasa ni wiki ya pili jicho jekundu, machozi hayakatiki, akitoka nje mwanga unamchoma na kwenye kioo cha jicho kuna doa jeupe. Duka la dawa walimpa matone, akapata nafuu kidogo halafu ikawa mbaya kuliko mwanzo. Mwanangu anasoma chuo Mbeya anasema kuna tiba ya mwanga na vitamini B, wanamulika wadudu wanakufa, matone hayahitajiki tena. Bibi yake kusikia hivyo kamnunulia B komplex anataka akae juani aliangalie jua. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Kwanza bibi apewe heshima zake lakini shemeji asiangalie jua hata dakika moja, jua linaunguza pazia la nyuma ya jicho na hapo hakuna wa kurudisha, na vidonge vya B komplex havifiki kwenye kidonda kwa namna hiyo.

Mwanao hajadanganya ila kasikia nusu. Tiba ipo. Ilianzia Dresden Ujerumani, kwa watu ambao kioo cha jicho kinalegea na kuchongoka mbele, wakagundua ukidondoshea vitamini B2 (ile ya rangi ya njano, raiboflavini) halafu ukamulika na mionzi ya UV ya nanomita 365, nyuzi za kioo zinashikana na kukaza. Utaratibu wa zamani ni nusu saa ya kumulika, baada ya matone kulowana vizuri. Baadaye, mwaka 2008, Seiler na wenzake wakatoa taarifa ya kuijaribu kwa vidonda vyenye maambukizi ambavyo dawa zilishindwa, kwa sababu mwanga ule ukikutana na raiboflavini unatoa oksijeni kali inayoharibu vinasaba vya vimelea, na nyuzi zikishakaza usaha hauzili kirahisi. Kwa kweli ni wazo zuri sana, mimi mwenyewe nalipenda.

Ila sasa. Nguvu ya mwanga inaishia tabaka za juu tu, takribani mikroni 300 (kama theluthi ya milimita), kidonda kikizama chini ya hapo unamulika juu, wadudu wenyewe wako chini wanaendelea na shughuli zao. Na inategemea ni mdudu gani. Jaribio lililotolewa 2022 lilionyesha kwa vidonda vidogo vya mapema, visivyozidi milimita 4, mwanga ulikaribiana na matone kwa muda wa kupona, hapo ni sawa. Lakini India, ambako wakulima wanaumia macho shambani kama sisi huku, utafiti wa 2020 uliongeza mwanga juu ya matone kwa wagonjwa wa fangasi, haukusaidia, na waliomulikwa waliona vibaya zaidi. Kabla ya huo, 2015, jaribio dogo la vidonda vya fangasi vilivyozama ndani lilisimamishwa njiani maana macho yaliyomulikwa yalikuwa yanatoboka zaidi. Mwenye kirusi cha herpes ndio kabisa, mionzi inaweza kukiamsha.

Na shemeji yako kakwaruzwa na jani la mahindi. Jani, majani ya chai, vumbi la mbao (nyie Mafinga na viwanda vyenu vya mbao mnajua), hivyo ndivyo vinavyoingiza fangasi, kwa hiyo mimi mawazo yangu yako huko mpaka vipimo vikatae. Ndiyo maana nasema asikimbilie mwanga, akimbilie kukwanguliwa kidonda: wanaweka ganzi ya matone, wanachukua kidogo, kinaenda maabara. Ikiwa fangasi, dawa inayoaminika ni matone ya natamaisini 5%, mwanzoni kila saa, usiku na mchana, inachosha familia nzima lakini ndiyo inayookoa jicho, na 2013 ilishindanishwa na dawa ya gharama zaidi, vorikonazoli, natamaisini ikaishinda.

Sasa hayo matone ya dukani. Soma chupa, ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au predinisoloni yaacheni leo. Hizo zinatuliza wekundu huku zinawalisha fangasi, ile nafuu ya mwanzo halafu kuzidi inanitia wasiwasi sana. Maziwa ya mama, utomvu, maji ya majani msiweke, na jicho msilifunge na pamba.

Aende kesho asubuhi kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Iringa, wakiona inafaa wampeleke rufaa ya kanda Mbeya. Doa likikua, au akisema ghafla kama maji ya moto yamemwagika machoni na haoni, msisubiri asubuhi, kioo kinaweza kuwa kimetoboka. Na hiyo chupa ya matone aibebe hata kama imeisha, daktari ataiomba.