Barua kwa mwanangu aliyekichoka kitabu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka tu. Unasema umekwama katikati ya The Godfather, ile riwaya ya ukoo wa mafia, nakala niliyokupa kwa mkono wangu. Kwamba ulipofika kwenye zile kurasa za yule mwimbaji wa Hollywood ulikiweka kitabu kando, ukawasha filamu usiku huohuo, ukaitazama mpaka mwisho, na sasa nafsi inakusuta. Unauliza: hivi filamu inaweza kweli kukipita kitabu ilikotoka, au ni uvivu wako unaojitafutia kisingizio?

Inaweza. Na hiyo uliyoitazama imekipita.

Najua hukulitarajia jibu hilo kutoka kwangu. Mimi ndiye niliyekulea kwa amri ya "kitabu kwanza, sinema baadaye", na kuna siku nilikuzimia televisheni ukiwa umebakiza dakika kumi. Nilikuwa mwalimu wa fasihi, na mwalimu wa fasihi akikiri mbele ya watoto kwamba sinema imeshinda, kesho yake hakuna atakayefungua kitabu. Sasa wewe ni mtu mzima, umeme unalipa mwenyewe, kwa hiyo tuzungumze.

Mario Puzo alikitoa kitabu kile mwaka 1969. Alikuwa na madeni, na hakuwahi kuficha kwamba alikiandika ili kiuzwe. Kikauzwa mno. Lakini anayeandika huku wadai wanabisha hodi hutia ndani kila kinachoweza kumnasa mnunuzi: Las Vegas, mapenzi ya kando, upasuaji wa yule msichana, mwimbaji na koo lake lililokauka. Hizo ndizo kurasa zilizokuchosha, na hazikukuchosha wewe peke yako. Francis Ford Coppola, aliyepewa kazi ya kuiongoza filamu, naye mwanzoni hakukipenda kitabu. Alichokifanya baadaye ndicho ninachotaka ukione. Alizing'oa kurasa za riwaya, akazibandika moja moja kwenye karatasi kubwa zaidi ili apate nafasi pembeni, akazifunga zikawa daftari nene. Kisha akaanza kuandika kando ya kila tukio: kiini chake ni nini, mtego wake uko wapi, kipi kikikosewa kitaharibu kila kitu. Daftari hilo lilichapishwa mwaka 2016. Mtu wa namna hiyo hakukidharau kitabu. Alikisoma kuliko tulivyokisoma mimi na wewe, mpaka akajua cha kutupa. Na Puzo mwenyewe alishirikiana naye kuandika mswada wa filamu, wakapata Oscar pamoja kwa kazi hiyo.

Sasa rudi kwenye ubatizo, maana najua hapo ndipo ulipoacha kupepesa macho. Kitabuni ubatizo uko mahali pake na mauaji yako mahali pake, moja linasimuliwa, likiisha linakuja jingine. Kwenye filamu Michael, mwana aliyerithi uongozi wa ukoo, amesimama kanisani kumsimamia mtoto wa dada yake, huku watu aliowatuma wakienda kuua. Kinanda kinalia. Picha inakatika: mtu mnene anapanda ngazi na boksi mikononi, anahema. Inakatika tena: mwingine yuko kwa kinyozi, povu limemjaa usoni. Padri anauliza, unamkataa Shetani? Namkataa. Risasi. Na kazi zake zote? Nazikataa. Risasi tena. Na kinanda hakinyamazi, kinaendelea kulia juu ya maiti kana kwamba nazo zinabatizwa.

Puzo asingeweza kuandika hivyo hata kama wadai wangempa nafasi. Maneno hupanga foleni. Ukitaka kusema mambo mawili yaliyotokea kwa pamoja, lazima moja litangulie na jingine lingoje, na msomaji ayaunganishe mwenyewe. Filamu inaweza kuifunika picha moja kwa sauti ya nyingine, ukayapokea yote kwa pumzi moja. Hapo haikukifuata kitabu, ilifanya kazi ambayo kitabu hakina mikono ya kuifanya.

Watu wakilalamika kwamba filamu imeharibu kitabu, mara nyingi wanachomaanisha ni kwamba imeacha kitu. Kuacha si kosa. Katika kazi ile ukurasa mmoja wa mswada huhesabiwa kuwa kama dakika moja, kwa hiyo filamu ya saa mbili ni kurasa 120 hivi, tena zenye weupe mwingi. Riwaya ya kurasa 400 itaingiaje humo bila kupita chini ya kisu? Yuko mmoja aliyejaribu, Erich von Stroheim. Aliichukua McTeague ya Frank Norris, riwaya ya mwaka 1899, akaifuata karibu hatua kwa hatua, na toleo lake la kwanza likazidi saa 8. Studio ikalikata, likatoka mwaka 1924 likiwa na saa mbili na ushei kwa jina la Greed, na vipande vilivyokatwa vikaangamizwa. Wapenzi wa sinema wanavililia mpaka leo. Mimi navililia nusu tu. Kitabu unaweza kukishika kwa wiki tatu, ukaweka kidole kwenye ukurasa ukaenda kufungua mlango. Mtu aliyekaa kitini gizani huwezi kumdai hivyo.

Kisa cha Jaws, ile ya papa mla watu, ni kifupi na kinanichekesha. Katika riwaya ya Peter Benchley ya mwaka 1974 mke wa mkuu wa polisi anatoka na mtaalamu wa samaki, na kuna wahuni wa mafia nyuma ya meya. Mwaka uliofuata Steven Spielberg akayaondoa yote hayo, mwishowe wakabaki wanaume watatu, mashua na papa. Papa mwenyewe alikuwa mashine, na mashine ikawa inagoma kila ikiingia kwenye maji ya chumvi. Ikabidi bahari ipigwe picha bila papa: mapipa ya njano yanayokokotwa juu ya maji, na ule muziki wa John Williams wa noti mbili. Tukaogopa zaidi kwa kuwa hatukumwona. Lakini hiyo si hila ya sinema, ni ya kitabu! Kitabu ndicho kinachokuachia umtengeneze mnyama mwenyewe kichwani. Filamu ilikipiga kitabu kwa fimbo ya kitabu, tena kwa sababu ya mtambo mbovu.

Usiende sasa kutangaza kwamba nimehama kambi. Chukua The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald, ya mwaka 1925. Ukikisimulia kisa chake kwa ufupi ni chepesi mno: tajiri anampenda mke wa mtu, anaandaa sherehe ili amwone, anapigwa risasi. Kinachokibeba ni sauti ya Nick, yule jirani anayesimulia, jinsi anavyostaajabu na kuchukizwa ndani ya sentensi moja. Wamekijaribu zaidi ya mara moja. Katika filamu ya mwaka 2013 mwongozaji, Baz Luhrmann, alifika mahali akaiacha herufi ielee kwenye skrini, maneno ya Nick yameandikwa juu ya picha tuyasome. Nilipoyaona nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Sinema yenye magari, majumba na mamia ya wachezaji imekuja kubisha hodi kwa jirani kuazima maneno!

Basi mimi hupima hivi: kama uhai wa kitabu uko katika yanayotokea, filamu ina nafasi, na ikiwa na mtu jasiri itashinda. Kama uhai uko katika namna yanavyosemwa, itabaki ukumbini, ndani haiingii.

Mwandishi usimuulize, hana msimamo. Stephen King, mwandishi wa riwaya za kutisha, alichukizwa sana na The Shining, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980 iliyotokana na kitabu chake, hata mwaka 1997 likatengenezwa toleo la televisheni ambalo mswada wake aliuandika mwenyewe, likikifuata kitabu. La Kubrick ndilo watu wanalolikumbuka. King huyohuyo ameisifu The Shawshank Redemption ya mwaka 1994, ingawa tukio lake zuri kuliko yote halimo katika hadithi aliyoiandika: mfungwa anajifungia ofisini, anaweka sahani ya opera ya Mozart, sauti inatoka kwenye vipaza sauti, na wafungwa wote uani wanasimama kama miti. Liliongezwa na Frank Darabont, mwongozaji. Kwa hiyo mwandishi huyo hakasirishwi na kubadilishiwa, hukasirishwa na kubadilishiwa asichokipenda, kama sisi sote.

Haya yote lakini ni maneno ya darasani. Aliyenigeuza mawazo ni babu yako.

Unajua hakusoma. Barua zote zilizoingia nyumbani nilimsomea mimi, naye akatia dole gumba palipotakiwa saini. Nilipokuwa nimeanza kufundisha nilimsimulia Le Mandat ya Ousmane Sembène, mwandishi wa Senegal. Mzee wa Dakar, Ibrahima Dieng, hana kazi, ana wake wawili na watoto saba. Mpwa wake anayefagia barabara Paris anamtumia hawala ya posta ya faranga 25,000. Kuichukua kunataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Kila dirisha analokwenda linampeleka kwenye dirisha jingine, kila hatua inakula pesa ambayo hana, majirani wanakopa kwa hesabu ya hela ambayo hajaigusa, na mwishowe hawala yote inaliwa na mjanja mmoja aliyevaa vizuri. Nilisimulia kwa madoido yangu yote. Babu yako aliitikia kwa kichwa, kisha akalala. Nilirudia siku nyingine, akalala mapema zaidi.

Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kifaransa. Yaani Dieng, asiyejua kusoma, analalamika ukurasa mzima kwa lugha ya karatasi zinazomtesa. Sembène aliliona hilo kabla ya sisi wote: watu aliokuwa akiwaandika hawakuweza kumsoma. Alikwenda Moscow kujifunza sinema akiwa tayari ni mwandishi wa riwaya, mtu mzima wa miaka karibu arobaini, na mwaka 1968 akakitengenezea kitabu chake mwenyewe filamu, Mandabi, kwa Kiwolofu. Waliotoa fedha Ufaransa walitaka na toleo la Kifaransa, kwa hiyo akaipiga mara mbili. Hapa hakuna wa kusema mwongozaji amemwibia mwandishi, ni mtu mmoja.

Miaka ilipita mpaka nikapata kuiona, nikamketisha babu yako pembeni yangu. Kiwolofu hakijui, na yale maandishi ya chini ya picha hayamsaidii kitu. Nikajiweka tayari kumsomea na kumtafsiria. Filamu inaanza nje, kinyozi anamnyoa Dieng kichwa, taratibu, kisha anaingiza wembe puani na kuanza kuzipunguza nywele za ndani. Babu yako akajishika pua. Mimi nikaendelea kusoma, fulani anasema hivi, fulani anajibu vile. Akanigeukia:

"Nyamaza basi. Si naona?"

Nikanyamaza. Nikaanza kuona na mimi. Kitabuni nilikuwa nimemhurumia Dieng tu, mzee wa watu anayeonewa. Sasa nikamwona akitembea na joho lake pana, akilikusanya mabegani kila hatua tatu, mtu wa majivuno hasa, anayetaka wake zake na mtaa mzima wamwone. Huenda kitabuni majivuno hayo yamo. Mimi sikuyaona mpaka yalipovaa nguo. Na alipofika dirishani posta, karatasi mkononi, babu yako alisogea mbele kwenye kiti mpaka nikadhani ataanguka. Yeye madirisha hayo alikuwa ameyasimamia maisha yake yote.

Ilipokwisha alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Na huyo aliyemla hela zake, hawakumkamata?" Kesho yake nilimsikia kibarazani akimsimulia jirani filamu nzima, pamoja na pua. Alisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kumsimulia mimi, nisiyekosa hata sura moja ya kitabu.

Basi roho isikusute. Nakala yangu usiimalize kwa kuniogopa. Hollywood iruke, hutakosa kitu. Ila kabla hujanirudishia, soma Sehemu ya 3, ujana wa Vito, baba yake Michael. Filamu uliyoiona haikuigusa. Coppola aliiweka akiba akaitumia kwenye ya pili, ya mwaka 1974. Mara hii soma kwanza, halafu tazama, uniandikie nani kashinda. Mimi jibu langu ninalo, silisemi.

Na kurasa zangu usizikunje ncha. Nakufahamu.

Mama yako