Habu za Kujifunga Zenyewe au za Kufunga kwa Mkono? Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii zimeelemea jambo moja: habu za magurudumu ya mbele katika magari ya 4x4, yaani kifaa cha katikati ya gurudumu kinacholiunganisha na shafti yake au kuliacha huru, hasa katika magari ya zamani yaliyotoka kiwandani na habu zinazojifunga zenyewe. Nimechagua sita.

Nina Nissan Terrano ya mwaka 1993. Nikiwa kwenye 4H (magurudumu yote manne yakisukuma), hasa mteremkoni, mbele panatoka mlio kama meno yanayorukana. Juzi nilikwama topeni ilhali taa ya 4x4 inawaka. Ni difu au ni habu? (Msomaji, Karatu)

Kwa maelezo yako naishuku habu kabla ya difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu. Habu ya aina hiyo haina umeme wala kompyuta. Inategemea msuguano tu. Ukiweka 4H na gari likaanza kwenda, shafti ya gurudumu huzunguka, na kipande kinachoburuzwa kidogo ndani ya habu hukishikilia kingine mpaka kabari yake iisukume gia ya kufungia iingie kwenye meno. Ukirudisha 2H (magurudumu mawili tu yakisukuma) na kwenda kinyumenyume mita chache, kabari hurudi mahali pake na gurudumu likawa huru. Ni ufundi mzuri habu ikiwa mpya, lakini springi ikilegea, kipande cha kuburuza kikilika, au grisi ikigeuka gundi kwa vumbi na maji ya miaka, gia huingia nusu, na nusu hiyo ndiyo mlio unaousikia. Mteremkoni hali huwa mbaya zaidi kwa sababu injini inapolizuia gari, nguvu hubadili mwelekeo, na habu iliyochoka huachia hapohapo unapoihitaji. Taa ya dashibodi haikukudanganya, ila umeiuliza jambo lisiloihusu: inaeleza kwamba transfa, gia inayopeleka nguvu mbele, imeingia; haijui lolote kuhusu habu.

Kabla ya kununua kitu, pima. Weka 4H, nenda mbele mita chache kwenye udongo laini, simama bila kurudi nyuma, zima injini, kisha weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma na uinue gurudumu moja la mbele kwa jeki. Lizungushe kwa mkono huku ukitazama shafti nyuma yake. Gurudumu likigoma, au likizunguka pamoja na shafti, habu imeshika. Likizunguka peke yake na shafti imetulia, mgonjwa umempata. Rudia upande wa pili. Kwa gari la umri huo ningeweka habu za kufunga kwa mkono bila kujiuliza mara mbili, kwa kuwa kuzifufua za zamani hugharimu muda mwingi na vipuri vyake vya ndani ni adimu.

Fundi wangu anasema kubadilisha habu za kujifunga kwa za mkono ni kufungua bolti na kupachika habu mpya, nusu saa imekwisha. Ni kweli? (Msomaji, Nanyuki)

Kwa magari machache ni kweli. Kwa mengi, kauli hiyo ndiyo inayozaa habu zinazovunjika baada ya mwezi.

Ugumu umejificha nyuma ya habu. Katika magari kadhaa habu inayojifunga yenyewe huegemea sehemu iliyokazwa pamoja na nati ya beringi, kwa hiyo ukiitoa habu bila kuibadilisha nati hiyo na washa yake ya kufungia, habu mpya haikai sawa, au beringi hubaki bila kufungwa ipasavyo. Ndiyo sababu habu huuzwa kwa mujibu wa aina na mwaka wa gari, na wakati mwingine huja na nati zake. Usikubali habu "inayofanana". Hesabu meno ya shafti, hesabu matundu ya bolti, pima urefu wa bolti zenyewe kwa kuwa kifuniko kipya kinaweza kuwa kinene kuliko cha zamani, na hakikisha ncha ya shafti ina mfereji wa klipu ya kuizuia. Angalia pia rimu, pamoja na ya gurudumu la akiba: habu ya mkono hutokeza nje, na rimu yenye tundu dogo katikati haitapita.

Maadamu nati ya beringi imefunguliwa, hiyo ni kazi ya beringi hata kama hukuikusudia. Zioshwe, zipakwe grisi mpya, kisha zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Baada ya kilomita 20 hivi, simama uguse katikati ya kila gurudumu la mbele. Upande mmoja ukiwa moto kuliko mwingine, rudi gereji.

Kwenye Hilux na Land Cruiser zenye stadi sita utakuta washa za umbo la pia zilizobana kwenye matundu. Hizi hazitolewi kwa bisibisi. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya stadi ili kulinda nyuzi, gonga kwa shaba, na washa itaruka yenyewe. Nimeona vifuniko vingi vyenye makovu ya patasi, na kila kovu ni mlango wa maji. Bolti ndogo za kifuniko cha nje nazo hukatika kwa kukazwa na mwenye kifua: kwenye Hilux za miaka ya 1990 zinahitaji Nm 10 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), wakati nati za mwili wa habu zinahitaji Nm 31.

Jimny yangu ya 2008 ina kitufe cha 4x4. Taa humetameta kisha huzimika, na fundi anataka kuniwekea habu za mkono. (Msomaji, Nairobi)

Habu zako hufungwa kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini na kupita katika mipira myembamba hadi kwenye magurudumu. Mpira ukipasuka au sili zikilika, mvuto hupotea njiani. Anza na mipira, kwa kuwa ni tatizo la bei ndogo na huenda likaishia hapo. Ikiwa sili zimekwisha na unavuka mito mara kwa mara, habu za mkono ni uamuzi wa busara. Kitufe kitaendelea kuiingiza transfa kama kawaida, lakini njia za hewa lazima zizibwe kwa vizibo visivyovuja: kule kwenye magurudumu ili maji yasiingie, na kule juu ili mfumo usiendelee kulalamika kwa taa.

Land Cruiser 80 yangu husukuma magurudumu yote manne wakati wote. Naweza kuweka habu za mkono nipunguze mafuta? (Msomaji, Dodoma)

Habu peke yake, hapana. Gari lako lina difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma, na difu hupeleka mzunguko kule kunakozunguka kwa urahisi. Ukiyaacha huru magurudumu ya mbele, propela ya mbele, shafti ndefu inayopeleka nguvu huko, itazunguka bure na gari litabaki limesimama na injini ikinguruma. Ipo seti ya kuondoa kazi ya difu hiyo ndani ya transfa, na hapo habu za mkono hupata maana, lakini ni kazi kubwa na mzigo wote unahamia ekseli ya nyuma. Kwa ajili ya mafuta tu, sishauri. Baadhi ya Land Cruiser 80 zilizouzwa Afrika zilitoka na habu za mkono tangu mwanzo, kwa hiyo hakikisha kwanza unayo ya aina gani.

Kwa habu za mkono, lazima nishuke kila mara kuzifunga? Mvua ikinyesha nikiwa na abiria? (Msomaji, Arusha)

Funga kabla ya kuiacha lami, fungua ukirudi. Habu zilizofungwa huku gari liko 2H haziharibu kitu. Sehemu za mbele zinazunguka tu na mafuta yanaongezeka kidogo. Lisiloruhusiwa ni 4H kwenye lami kavu.

Funga zote mbili. Nilipokuwa kijana nilishuka gizani kwenye udongo mweusi, nikafunga ya kulia, nikarudi ndani nikijua nimefunga zote. Difu ya mbele ilipeleka mzunguko wote kwenye shafti ya kushoto iliyokuwa huru, na tulilala pale hadi trekta lilipopita asubuhi.

Kitasa cha habu yangu ya mkono kinagoma kufika LOCK. Nitumie koleo? (Msomaji, Goma)

Koleo liache ndani ya boksi. Mara nyingi meno hayajakutana tu: geuza kwa vidole kadiri kinavyokwenda, mwambie mwenzako alisogeze gari nusu mita mbele au nyuma, kisha jaribu tena. Kikiendelea kugoma, fungua kifuniko. Yaelekea utakuta habu imeshindiliwa grisi kama ya beringi, kosa ambalo mafundi hulifanya kwa nia njema. Ndani ya habu panatosha utando mwembamba juu ya meno na springi. Futa iliyozidi, weka gaskiti mpya, na kitasa kitageuka kwa vidole viwili.