Barua kwa Mwanangu: Chai Ilikuwa Yangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni, ya pili nimeketi na miwani. Unasema umeanza kuwasomesha wajukuu zangu nyumbani, na kila Jumanne alasiri unawaandalia chai na mashairi kama nilivyokuwa nikiwafanyia ninyi. Mkubwa hatulii kitini. Mdogo ameshamwagia chai vitabu viwili. Halafu chini kabisa, kama mtu aliyekwisha kuaga ndipo akakumbuka shida iliyomleta, umeuliza: "Mama, mbona hukuwahi kutuuliza maswali baada ya shairi? Masomo mengine yote ulituuliza mpaka tukachoka. Ulikuwa na mpango gani?"

Sikuwa na mpango wowote. Na kumbukumbu yako imekudanganya kidogo: maswali niliwauliza, tena karibu mwaka mzima wa kwanza. Wewe ulikuwa na miaka saba, kaka yako tisa. Umesahau kwa sababu ulikuwa mdogo, nami nashukuru umesahau.

Mimi nilifundishwa hivi. Shairi linaandikwa ubaoni, tunalinakili, kisha chini yake tunapanga dhamira, maudhui, muundo, tamathali za usemi. Aliyeona dhamira tofauti na ya mwalimu amekosa. Nikamaliza shule naweza kulinyonyoa shairi lolote kama kuku, na silipendi hata moja. Basi nilipoanza kuwasomesha nyumbani nikafanya nilichokijua, nikakitilia chai ili kisionekane ni somo. Chambo, kwa neno la kweli.

Kuna Jumanne uliyosoma shairi fupi la mvua. Ulilichagua mwenyewe, na ulikuwa umelifanyia mazoezi chini ya meza siku mbili ukidhani sikusikii. Ulisoma vizuri sana. Mwishoni sauti ilishuka yenyewe pale ilipotakiwa kushuka. Nami papo hapo, hata kijiko hakijatulia kwenye kisahani, nikadakia: "Haya, mshairi anakusudia nini?" Nikaona macho yako yakitoka kwenye karatasi yakija usoni kwangu. Jibu ulikuwa ukilitafuta kwenye nyusi zangu. Shairi ulikwisha kuliacha. Jumanne iliyofuata ukaleta shairi la mishororo minne tu, ili maswali yawe machache. Iliyofuata tena ukasema tumbo linakuuma.

Ningependa kukuambia kwamba nilijifunza siku ile ile. La. Niliendelea, nikadhani ni uvivu.

Kilichoniokoa ni ajali. Baba yenu ndiye aliyemimina siku hiyo, na chai ilikuwa ya moto kupita kiasi. Kaka yako alikuwa akisoma shairi la mtu anayeondoka kwao, na kila ubeti unamalizikia kwa kwaheri. Aliposoma neno la mwisho nilikuwa ndiyo kwanza nimepiga funda kubwa. Kulimeza siwezi, kulitema ni aibu mbele ya watoto. Nikabaki nimevimba mashavu, machozi yananilenga. Kimya kikatanda mezani, labda nukta kumi, muda ambao sikuwahi kuwapa tangu tuanze. Ndipo wewe ukasema, bila kuulizwa na mtu: "Huyu anajisifu anaondoka kwa furaha, lakini mbona anarudia kwaheri kila mara? Hataki kwenda." Kaka yako akakubishia. Anataka kwenda, akasema, ila anaogopa wasimsikie. Mkabishana mpaka chai ikapoa.

Mwanangu, kibwagizo, yaani maneno yanayorudiwa mwisho wa kila ubeti, na kazi yake nilikuwa nimepanga kuwafundisha mwezi uliofuata, na nimekwisha kuandika maelezo yake ukurasa mzima.

Tangu siku hiyo kila shairi lilipoisha nilikuwa nachukua kikombe na kupiga funda refu. Mlizoea kudhani mama yenu ni mpenzi wa chai. Naipenda, kiasi. Lakini pale mezani nilihitaji kitu cha kuniziba mdomo, na hakuna kitu kingine kinachomziba mtu mdomo kwa heshima kama kikombe. Ndiyo jibu la swali lako. Chai haikuwa yenu hata kidogo.

Usidhani nachukia maswali. Alhamisi asubuhi tulikuwa na somo la fasihi, kwa kalamu na daftari, na huko mlijibu mpaka mkakoma. Lazima mtoto ajue ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, ajue vina vya kati na vya mwisho, ajue kwamba tarbia ina mishororo minne katika kila ubeti na kwamba mshororo wake aghalabu ni mizani 16, yaani silabi, nane huku na nane huku. Nilichokataa ni kuvileta vitu hivyo Jumanne. Na jambo la ajabu, vilikuja vyenyewe, kwa miguu yao. Unakumbuka mbu na mbuzi?

Kaka yako hakupenda mashairi, na mpaka leo hapendi, tusimsingizie. Alikuja mezani kwa ajili ya sukari. Lakini kuhesabu alikuwa anapenda, akaanza kugonga kijiko kwenye kisahani, pigo moja kwa kila silabi, wakati wewe unasoma. Nilitaka kumkataza, nikanywa chai. Wiki ya tatu akasimamisha usomaji: mshororo umepungua, una saba, hili ni shairi guni, lina kasoro! Wewe ukasema ni nane. Ugomvi wote ulikuwa juu ya neno "nchi". Yeye aligonga mara moja, wewe ulisema lagongwa mara mbili. Mkanigeukia, nami nikawaambia litamkeni polepole, msikie mkazo unaangukia wapi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika "nchi" hauna pengine pa kukaa ila kwenye hiyo n. Basi n ni silabi kamili: n-chi, mbili. Akanyamaza, akagonga kijiko taratibu, kisha akacheka peke yake. "Kwa hiyo m-bu ni mbili, na mbu-zi ni mbili. Mbu na mbuzi uzito wao mmoja!" Juma zima nyumba haikukalika. Mto na mtoto, nge na ngedere, kila kiumbe kilipimwa kwa kijiko. Kama ningeandaa somo la silabi lisingefika nusu ya hapo.

Halafu yule asiyependa mashairi ndiye aliyegundua inkisari, kulifupisha neno ili mizani itoshe. Mshororo wake ulikuwa na tisa, akaikata "nimechoka" ikawa "mechoka", akaniangalia kama mwizi. Nikamwambia washairi wanafanya hivyo tangu zamani, na lina jina. Hakuamini kwamba kosa linaweza kuwa na jina zuri namna hiyo.

Nitakuambia na jingine ambalo hukulijua. Mlipokuwa wakubwa kidogo tulisoma Utendi wa Mwana Kupona, vipande vipande, wiki nyingi. Niliuchagua kwa sababu ya kile alichokifanya yule mama. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa, mwaka 1858, akakaa na binti yake akamfundisha kwa beti, humo nyumbani. Nilijiona si mwendawazimu peke yangu. Neno la kwanza kabisa la utendi ule, "negema", halikuwa linafahamika kwa yeyote mezani petu, na mlipojua kwamba ni kumwambia mtu asogee karibu, wewe ulisogeza kiti chako bila kusema neno. Nilinywa chai nyingi siku hiyo.

Utendi pia ulikuwa saa yetu. Ubeti wa mishororo minne yenye mizani nane ukisomwa bila haraka unachukua kama nukta kumi. Beti 24 ni dakika nne, na dakika nne ndizo majani yetu yalizohitaji ndani ya buli. Msomaji alianza maji yakishamiminwa, akimaliza tunachuja. Aliyeongeza beti kwa ubishi alitunywesha chai kali inayokausha ulimi. Natamani kusema kwamba shairi nalo likikalishwa mno kwenye maji linakuwa hivyo hivyo, lakini utanicheka, basi sisemi.

Na ulipofika miaka 13 ulimpinga Mwana Kupona. Yale mawaidha ya kumtii mume uliyakataa ubeti kwa ubeti, umeshika kiuno. Baba yenu akaniangalia, akangoja niseme neno la hekima. Sikusema. Sehemu moja ya mawaidha yale mimi mwenyewe siikubali, sehemu nyingine naikubali zaidi ya nilivyotaka kukiri mbele yako. Ningefungua mdomo tungeishia kwenye maoni yangu. Tuliacha utendi mezani ukiwa wazi, na kesho yake nikakuta umeandika pembeni, kwa penseli, majibu yako kwake. Mama aliyekufa miaka mingi iliyopita amepata wa kubishana naye; alichokitaka kingine ni nini?

Sasa wajukuu. Mkubwa mwache asimame. Shairi halihitaji makalio. Kaka yako alisikiliza mashairi ya miaka miwili akiwa ananing'inia mgongoni mwa kiti, kichwa chini, na kila kilichosomwa alikishika. Mdogo mjazie kikombe nusu, maziwa mengi, majani kidogo, ipoe kabisa kabla hujampa, na vitabu viwe upande wa pili wa meza. Asiyejua kusoma bado alete kitendawili au arudie ubeti alioushika kwa masikio. Zamu yake ni zamu kama ya mwingine. Kila mtu achague chake, hata kama atachagua kile kile wiki tisa. Wewe ulinisomea shairi moja la paka tangu mwanzo wa mwaka mpaka nikaliota. Na someni mara mbili: mara ya kwanza ni ya sikio. Mkitoka mezani wakiwa bado wanataka kidogo, mmefanya vizuri. Robo saa inatosha kwa umri wao.

Na zipo Jumanne zitakazoharibika. Mimi niliwahi kupiga kelele kwa ajili ya kitambaa cha meza mpaka ukalia, na shairi lililokuwa likisomwa lilikuwa la upole. Baba yenu alisinzia mara nyingi kuliko tunavyomtania. Kuna mwezi mzima niliacha, sikuwa na nguvu, na hakuna aliyeniuliza. Uliofuata ninyi ndio mliotandika meza.

Umeuliza pia kama lile buli bado lipo. Lipo, mdomo umemeguka, linamimina upande. Siwezi kulituma, litavunjika njiani, njooni mlichukue. Lakini ndani ya bahasha hii nimekutilia karatasi yako ya kwanza, ubeti ulioutunga ukiwa na miaka minane, wenye duara la chai katikati. Nausoma hapa ili ujue sijaukosea:

Buli limejaa chai
Kiti changu hakifai
Kusoma sikinai
Mama, ongeza sukari

Uliusoma umesimama juu ya hicho kiti kisichofaa. Mshororo wa tatu una mizani saba. Ungeweka "na" mwanzoni ingetosha. Nimekaa na hilo miaka yote hii, mwanangu. Siku ile nilikuwa na chai mdomoni.

Wasalimie wote.

Mama yako