Re: Chardonnay ya Hermanus, mbona siagi na ndimu pamoja?

Kaka, umeuliza kama hiyo chupa ya Chardonnay, mvinyo mweupe, imeharibika sababu inanukia siagi na vanila lakini mdomoni ni kali kama ndimu. Haijaharibika hata kidogo, hiyo ndiyo raha yake!

Ukali unatoka shambani. Bonde la Hemel-en-Aarde liko karibu kabisa na bahari pale Hermanus, Afrika Kusini, na upepo unaotoka kwa Atlantiki ni baridi sababu ya mkondo wa Benguela, yale maji baridi ya bahari yanayopita hapo, so zabibu zinaiva polepole na asidi haipotei haraka vile ingepotea kwa joto.

Sasa siagi ni mambo ya bakteria, wanageuza asidi ya maliki, ile kali iko kwa matofaa, inakuwa ya laktiki ambayo ni laini kama ya maziwa, na hapo ndio dayasetili inatokea, hiyo ndio harufu unasikia. Vanila na ule mkate wa kuchomwa ni pipa la mwaloni, mara nyingi la lita 228 wanavyofanya Burgundy kule Ufaransa, na likiwa jipya linatoa ladha nyingi zaidi. Wengine pia wanaiacha ikae na machicha ya hamira, yaani mabaki ya hamira iliyochachusha mvinyo, inakuwa nzito mdomoni. Mimi napenda pipa lisifunike ladha ya tunda, na hizi za pwani baridi zinaweza hiyo sana.

Tafadhali usiinywe ikiwa baridi ya friji, harufu zinajificha. Itoe mapema ifike digrii 11 ama 12 hivi, halafu ujaribu na samaki wa nazi.